Nilikuwa na hakika ni nani anayeng'oa macho ya vyambo vyangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ni msomaji tu, nyuzi za watu nazipitia kimya kimya. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani na nyumbani sina wa kumweleza. Wote walilijua kabla yangu. Ni kweli tupu, chumvi sijaongeza. Atakayesema ni chai, basi anywe.

Niko Malindi. Kazi yangu ni kutengeneza vyambo vya manyoya, vile ambavyo wageni wanaokuja kuvua kwa starehe huviita fly. Ndoana tupu unaibana kwenye jiliwa dogo la mezani, unaizungushia uzi, manyoya ya jogoo, singa za mbuzi mweupe na nyuzi za kumetameta, mpaka inakuwa kama kidagaa.

Halafu unaibandika macho.

Najua kuna watakaocheka, eti samaki ana haja gani na macho ya plastiki. Muulizeni nahodha yeyote wa boti za wageni kuanzia Watamu mpaka Kilifi. Samsuli, yule samaki mkubwa wa pua ndefu, akimfukuza dagaa hulenga jicho. Chambo kisicho na macho atakifuata, atakinusa, kisha ataenda zake, na mgeni wako amekaa na fimbo ya kuvulia mkononi anakuangalia wewe.

Macho haya huja yamepangwa kwenye karatasi kama stika. Unalibandua moja kwa ncha ya wembe, unaweka tone la gundi kwenye kichwa cha chambo, unalikandamiza. Kisha la pili, upande wa pili, na yote mawili yawe sawa. Likipanda moja na jingine likashuka, chambo kinakuwa na sura ya mlevi.

Ukishamaliza unakining'iniza kwenye kamba mpaka kesho yake, ndipo unakipaka ile gundi ya kioo inayofunika kichwa chote. Ukiharakisha, gundi ya chini inafuka na jicho linaota ukungu mweupe. Nimeharibu vingi kwa pupa hiyo.

Kwa hivyo usiku kucha jicho limeshikwa na tone tu. Ukucha unatosha kuling'oa. Nawaeleza haya ili msinipoteze huko mbele.

Kazi hii naifanya na mwenzangu, Kahindi. Ni Mgiriama wa Gongoni, zamani alikuwa kwenye mashamba ya chumvi kabla mikono haijamchoka. Tuko pamoja tangu sijaoa. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu. Kina mlango wa kichochoroni na mlango mwingine wa kuingilia ndani. Ufunguo wa kichochoroni nilikuwa nao mimi, na Kahindi alikuwa na wake.

Kamba zilikuwa mbili. Yangu ukuta wa kaskazini, yake nyuma ya mlango. Kila mtu na kazi ya mkono wake.

Sasa niwaambie tabia yangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayaonja mbele ya muuzaji. Fundi akija kutengeneza bomba nakaa naye mpaka amalize, na akitoka naenda kuhakikisha tena. Mke wangu Rukia husema siku ya harusi yetu nilimuuliza shekhe kama ana hakika.

Hilo la shekhe si kweli. Mengine ni kweli.

Basi msimu ulikuwa unakaribia. Nahodha mmoja wa Kilifi, tumwite Nahodha Mbwana, alitupa kazi ya boti zake zote. Alisema wazi, vyambo vikimpendeza tutakuwa watu wake kila msimu, visipompendeza atarudi kuagiza ng'ambo kama zamani. Kwangu hiyo ilikuwa ndiyo riziki yenyewe. Na kwa Kahindi pia, ana watoto wanasoma.

Wakati huohuo Rukia akajifungua, mtoto wa kike, mashallah. Mama yangu akaja kutoka Mambrui kukaa naye mpaka arubaini iishe. Nyumba ikajaa. Chumbani mzazi na mtoto, ukumbini wanawake wanaingia na kutoka na masufuria ya uji. Mimi nikawa mgeni kwangu. Usingizi hakuna. Alfajiri nikitoka msikitini nilikuwa najitupa mahali nalala tena mpaka jua liwe juu.

Asubuhi ya kwanza naingia karakana, nakuta vyambo kadhaa kwenye kamba yangu ni vipofu.

Macho hayapo! Tukafagia sakafu mimi na Kahindi, tukainua mkeka, tukatazama chini ya meza. Hakuna hata moja. Kahindi akasema labda panya. Nikamwambia panya gani huyo anayekula plastiki na kuacha manyoya. Tukalaumu gundi, nikabandika mengine.

Nikatazama kamba ya Kahindi. Macho yote mahali pake.

Hapo ndipo mdudu aliponiingia kichwani, wakuu.

Siku zilizofuata mambo yakazidi kuwa ya ajabu. Vyambo sikuvikuta vipofu tena. Vilikuwa na macho, lakini si niliyoyaweka mimi! Mimi hubandika macho ya dhahabu. Naamka, naingia, kwenye kamba yangu kuna macho mekundu. Mengine ya fedha. Mengine ni ya dhahabu sawa, lakini yamekaa chini kidogo kuliko ninavyoweka. Kazi ya mkono wangu naijua hata gizani.

Nikamuuliza Kahindi, nikijifanya sijali. "Haya mekundu tumeyatoa wapi?"

Akainama kwenye jiliwa lake. "Si yalikuwamo ndani ya boksi? Umechoka wewe. Mtoto hakulazi."

Boksi nalijua. Mekundu hayakuwamo.

Ngoja, mtoto analia. Narudi.

Nimerudi. Nilikuwa nasema mekundu hayakuwamo.

Nikaanza kumtazama Kahindi. Zamani alikuwa akija tukishakunywa chai. Sasa nikitoka usingizini namkuta ndani tayari, jasho linamtoka, vidole vina gundi mbichi, na jana yake jioni hatukubandika chochote. Asubuhi moja niliwahi kidogo, nikamwona anatia bahasha ndogo kifuani chini ya shati. Nikamwuliza ni nini. Akasema dawa ya mkewe.

Kisha bodaboda mmoja wa mtaani akaniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba alimpeleka Kahindi Kilifi, mpaka Bofa, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Eti alisimama kwenye geti la nyuma akiongea na vijana wa boti, wakampa kitu kwenye karatasi.

Bofa! Wakati mimi najua kila boti tunayoiuzia, na huko hatuna hata moja.

Nikakaa nikapiga hesabu zangu. Huyu ananiharibia vyambo makusudi, anaweka macho mabaya kwenye kamba yangu, vyake vinabaki safi. Nahodha akija aone kazi ya nani ni nzuri. Kisha aende naye peke yake. Na tayari ana watu Bofa. Kila kitu kilikaa mahali pake vizuri mno, hata nikajipongeza.

Nikamweleza Rukia. Akaniangalia, mtoto yuko kifuani. "Kahindi huyu aliyekubebea mamako begani siku ya mafuriko?"

Nikamwambia watu hubadilika.

Rukia akasema, "Haya," akageukia ukutani.

Sikutaka kumvaa mtu bila ushahidi. Nilitaka nimshike mkono ukiwa mchafu. Nikachukua masizi ya sufuria, nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikapaka kidogo sana kwenye kichwa cha kila chambo cha kamba yangu, pembeni mwa macho, pale ambapo kidole hakina budi kushika. Kwenye uzi mweusi huyaoni. Na masizi ya mafuta hayatoki kwa maji matupu, anayeosha masufuria anajua.

Halafu nikamwambia Kahindi ufunguo wangu umepotea, nipe wako mpaka kesho. Uongo mtupu. Nilitaka nimfungulie mimi mwenyewe, nisimame hapo hapo nimtazame akigusa.

Akautoa mfukoni polepole. Akaushika kidogo kabla ya kunipa.

"Basi kesho usiingie mpaka nije," akasema. "Tuingie pamoja."

Wakuu, niambieni. Mtu akikwambia usiingie kwenye chumba chako mwenyewe, utafikiri nini? Nilicheka ndani kwa ndani. Nikasema kesho ndiyo kesho.

Kesho yake sikulala baada ya swala. Nilirudi, nikakaa ukumbini nikisubiri hodi ya Kahindi. Mlango wa kichochoroni nilikuwa nimeufunga mwenyewe, funguo zote mbili ziko mfukoni. Nikaona si vibaya nikachungulia karakana kwanza, nione vyambo vyangu viko salama.

Vipofu. Kamba nzima.

Nilikagua kila mahali. Mlango wa kichochoroni umefungwa. Dirisha lina nondo. Kahindi hajafika. Kamba yake nyuma ya mlango iko vilevile, haikuguswa. Nitasema ukweli, niliwaza majini. Nikasoma nilichoweza kusoma, nikarudi ukumbini.

Mama akaniletea chai. Akaweka sahani ya mahamri, akaweka kikombe mbele yangu, akasema, "Kunywa mwanangu, rangi imekutoka."

Kikombe kilikuwa cheupe. Pembeni mwa mpini palikuwa na alama nyeusi.

Nikatazama mkono wake. Ncha za vidole, kidole gumba na cha shahada, nyeusi. Ndani ya ukucha, nyeusi.

 Nikasema, "Mama, vidole vyako."

Akavitazama. "Vimenishinda. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa ndimu. Sijui umepaka nini siku hizi kwenye samaki wako wale."

Hakuficha. Hata haya ya kuficha hakuwa nayo. Akaenda chumbani kwa Rukia akarudi na kikombe kidogo cha kahawa kimefunikwa kisahani. Akakifunua. Ndani macho matupu, ya dhahabu, mekundu, ya fedha, yamejaa.

"Sikutupa hata moja," akasema. "Ni mali yako."

Nikamuuliza kwa nini. Akakaa kitako.

"Mwanangu, mimi nyumba hii pa kuswali sina. Chumbani mna mzazi, hapa mna watu. Wewe ukenda msikitini, mimi huswali mule kwenye kazi yako. Na kibla ni ule ukuta. Nikiinua kichwa, macho yote yale yanitizama mimi. Na mtoto mchanga yumo ndani, arubaini yake haijesha. Nyumba yenye masanamu yenye macho, malaika wa rehema wataingilia wapi?"

Wakuu, mjadala wa fiqhi tusiufungue hapa, kila mtu ana shekhe wake. Mama yangu ndivyo alivyolelewa. Sanamu ya kiumbe ikiondolewa macho, kwake haina tena neno. Mwanasesere wa dada yangu tulipokuwa wadogo alichunwa macho siku aliyoletwa. Mimi nilikuwepo, nikasahau.

Na ile kamba ya nyuma ya mlango iko mgongoni mwake akiswali. Ndiyo maana vyambo vya Kahindi havikuguswa. Si zaidi ya hapo.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia Kahindi akwambie. Alinikuta siku ya pili, nina ukucha kwenye jicho la samaki. Niliona haya, baba! Nikamwambia mwambie mwenzio avigeuze, ama avifunike. Akasema, shikamoo mama, hilo niachie mimi, wewe swali."

"Lakini mimi ni mwanao. Kwa nini umwambie Kahindi?"

Mama alikifunika tena kikombe na kisahani chake. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Kwa sababu wewe ukiambiwa neno, huulizi neno lenyewe. Wauliza ni nani alokutuma."

Hapo hodi ikapigwa kichochoroni.

Nikaenda nikafungua. Kahindi amesimama nje, ana bahasha yake mkononi. Akanitazama usoni, kisha akatazama kamba nyuma yangu, akajua.

"Umeingia," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaingia, akakaa kwenye kigoda chake. Akafungua bahasha akamimina mezani karatasi za macho, mekundu na ya fedha. "Ya dhahabu yalikwisha. Haya niliomba kwa jamaa yangu wa Bofa, wao wanayo ya akiba. Kila asubuhi nilikuwa nabandika upya kabla hujaamka. Nilisema arubaini si mbali, mama atarudi kwake Mambrui, na mambo yatakwisha bila mtu kuaibika."

"Ungeniambia, Kahindi."

"Ningekwambia ni mamako anayeng'oa, ungeniamini?"

Nilivuta kigoda changu. Nikakaa.

"Ungesema namsingizia mtu mzima aliyekuja kulea mtoto wako. Ungeniuliza nataka nini." Akaanza kuvitoa vyambo kwenye kamba yangu, kimoja kimoja, akivipanga mezani. "Na unanishuku tangu zamani. Tangu siku ulipoanza kunitazama vidole nikiingia. Mimi si kipofu."

Nikamwomba radhi. Niliiomba kwa maneno yote niliyo nayo. Akasema yameisha, tufanye kazi, nahodha anangoja.

Tukakaa siku hiyo nzima tukibandika macho, yale ya kikombe cha kahawa. Mama mwenyewe akaingia, akatundika kanga mbele ya kamba yangu, akaivuta huku na huku mpaka ikaziba ukuta wote. Kanga moja tu, wakuu! Siku ya kwanza ningekuwa mtu wa kuambiwa, ningetundika kanga na tukaendelea na chai yetu.

Kazi ya Nahodha Mbwana ilitoka salama. Alivigeuza vyambo juani, akasema macho yamekaa vizuri. Akatupa kazi ya msimu. Mwengine angesema hapo ndipo mwisho mwema, na mimi ningependa iwe hivyo.

Jioni ya siku ile ya kubandika macho, tulipomaliza, nilimpa Kahindi ufunguo wake. Nilinyoosha mkono, ufunguo uko kiganjani.

Hakuuchukua. Alinikunjia vidole juu yake, taratibu, bila hasira, kama unavyomfunga mtoto vifungo vya shati.

"Kaa nao," akasema. "Siku kikipotea kitu humu ndani, sitaki niwe mtu mwenye ufunguo."

Nimejaribu tena baada ya hapo, mara kwa utani, mara kwa kusihi. Nimemtuma Rukia. Mama kabla hajaondoka alimsemesha. Anacheka, anasema hana haja nao. Kazi anafanya vilevile, mzaha anatia vilevile, mtoto anamchukua anamrusha juu. Lakini kila asubuhi anasimama kichochoroni anapiga hodi, kama mgeni, anangoja nije nimfungulie. Na nikichelewa anangoja tu.

Funzo nililopata ni kwamba ushahidi wangu wote ulikuwa wa kweli. Gundi vidoleni, bahasha kifuani, safari ya Bofa, hakuna hata kimoja nilichokiota. Kila nilichokiona kilikuwa ni mtu anayenitengenezea mambo yangu, na mimi nilikiona kama wizi. Sasa hivi nikimshuku mtu huwa najiuliza kwanza ni wangapi wanaonificha mambo kwa sababu niko hivi nilivyo. Jibu linanitisha, kwa hivyo siulizi sana.

Wenye mawazo semeni, hata wa kunitukana karibuni. Ila nina swali langu moja, na nalileta kwa walioishi na watu kuliko mimi. Mwenzako akikusamehe lakini akakataa ufunguo, unafanya nini ili siku moja aukubali?